Mama Alikataa Kuvuka Mbele ya Mkwe

Mama amekufa kitandani mwake, Kanduyi, asubuhi baada ya chai. Dada yangu Rosa aliponipigia simu, kitu cha kwanza kilichonijia kifuani hakikuwa kilio, kilikuwa nafuu. Wanaojua jinsi mtu anavyopaswa kufiwa wanisamehe, lakini ndivyo nilivyojisikia. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiogopa kwamba Mama atakufa barabarani, kwa sababu kuna mwaka mmoja alikaribia sana, na tangu hapo kila simu ya ghafla kutoka Bungoma ilinikata maini. Sasa barabara imemkosa. Kwenye mazishi nilimwona Wafula, mume wa Rosa, kichwa kizima mvi, amesimama ukingoni mwa kaburi pamoja na wana wa nyumba, analia waziwazi bila leso ya kujifichia. Hakuna mzee aliyemwambia asogee nyuma. Vijana hawakuona ajabu yoyote, walikuwa wanashughulika na simu zao. Mimi niliona, maana nilikuwepo wakati Mama na Wafula hawangeweza hata kukaa chini ya paa moja, na nilikuwepo siku heshima hiyo ilipotaka kumuua mmoja na kumfunga mwingine.

Ni vizuri nieleze kidogo, kwa sababu watoto wangu mwenyewe wakisikia hadithi hii wanafikiri naongeza chumvi. Kwetu, mama mzazi na mume wa binti yake waliheshimiana kwa kukwepana. Hawasalimiani kwa mkono. Hawali pamoja. Mmoja akiwa sebuleni, mwingine anabaki nje hata mvua ikinyesha. Wakikutana njiani, mmoja lazima atoke kabisa barabarani, aingie kwenye mahindi, ageuze uso mpaka mwenzake apite. Jina la mkwe halitajwi. Huo haukuwa ugomvi hata kidogo, na mtu aliyedhani Mama alimchukia Wafula hakuwa anamjua Mama. Alimpenda sana, ndiyo maana alimkimbia kila alipomwona.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nilikuwa nangoja kazi, kama wenzangu wote waliokuwa wanangoja kazi. Niliishi kwa Rosa huko Kibomet, Kitale, kwenye ploti ya nyumba za mabati zilizopangana mstari mmoja. Rosa alikuwa na cherehani barazani, mimi nikishona vifungo na kubishana na wateja. Wafula aliendesha pikapu ya duka moja la vifaa vya ujenzi, akipeleka mabati na saruji mpaka Bungoma. Leseni yake ilikuwa bado mpya, na alikuwa ameishika sheria ya barabara jinsi wengine wanavyoshika wokovu. Kwenye kila zebra, ile mistari myeupe ya kuvukia watu, alisimama, hata zile ambazo rangi ilikuwa imefutika ukabaki kubahatisha tu. Nyuma watu wanapiga honi, wanamtukania mama, yeye ametulia, mikono kwenye usukani. "Shemeji, utatufikisha kesho," namwambia. Ananijibu, "Mwenye miguu ana haki yake." Nilimcheka sana kwa maneno hayo. Hata jirani zetu pale Kibomet walikuwa wamempa jina, Mwenye Miguu, na yeye alilipokea bila kukasirika.

Basi Jumamosi moja mchana nilipanda naye kwenda Bungoma, yeye na mabati yake, mimi nikamwone Mama. Tulipofika Kanduyi, kwenye zebra iliyo karibu na soko, kulikuwa na mwanamke upande wetu wa kushoto anataka kuvuka, kikapu cha kunde mkononi, kitambaa cha kina mama wa kanisa kichwani. Wafula akasimamisha gari kama kawaida yake. Yule mwanamke akashuka ukingo wa lami, akapiga hatua mbili tatu, akainua macho kumshukuru dereva. Alikuwa Mama. Nilimwona akimtambua Wafula kupitia kioo. Alivuta leso yake ya mabegani akajifunika uso, akageuka palepale katikati ya zebra, akaanza kurudi alikotoka. Na Wafula naye, badala ya kumpungia mkono avuke, aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa usukani, anaangalia magoti yake. Mimi nikatoa kichwa dirishani. "Mama, si uvuke, amesimama!" Mama akajibu kutoka ndani ya leso, "Pitieni kwanza nyinyi." Wafula, bado ameinama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie apite, zebra ni yake." Nikasema, "Anasema upite, zebra ni yako." Mama akasema, "Na mimi nasema apite, ana kazi ya watu." Wallahi, kama si yale yaliyofuata, ningekuwa nacheka mpaka leo. Magari yalikuwa yamejipanga nyuma yetu, sheria inamwambia mmoja angoje, heshima inamwambia mwingine arudi, na mimi mkalimani katikati.

Pikipiki ilitokea nyuma, upande wa kushoto, pale kati ya pikapu yetu na ukingo wa lami. Ilibeba magunia mawili makubwa, na aliyeiendesha alikuwa na haraka zake. Watu walisema baadaye ilikuwa sukari ya magendo iliyovushwa mpakani Lwakhakha, ndiyo maana hakutaka kusimama popote. Aliona foleni imesimama, hakujiuliza imesimamia nini. Ilimkuta Mama akirudi, mgongo umegeuka, macho yamefunikwa. Nilisikia mlio wa kikapu kwanza. Pikipiki iliyumba, ikakaa sawa, ikaenda zake. Mama alikuwa chini kando ya gurudumu letu la mbele, kunde zimetapakaa, na mguu wake mmoja umelala upande ambao mguu haulali.

Wafula alishuka kabla yangu. Sijui kama alifikiri. Alimwinua Mama mikononi, mama mkwe wake, mbele ya soko zima la Kanduyi. Mama, na maumivu yale yote, aliniita mimi. "Nasimiyu, mwambie aniache. Mwambie aniweke chini." Nikasema, "Shemeji, anasema umwache." Wafula alimlaza kwenye kiti chetu, kichwa chake mapajani pangu, akaendesha mpaka hospitali huku machozi yanamtoka, na njiani, nakumbuka vizuri, bado alisimama kwenye zebra moja. Nilimtukana.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, lakini daktari alisema ataishi. Nilikaa chini sakafuni palepale wodini. Tulidhani yaliyobaki ni kupona tu. Kumbe kule sokoni hadithi ilikuwa imejitengeneza bila sisi. Waliokuwa mbali waliona pikapu kwenye zebra, mwanamke chini ya bampa, na dereva anaondoa gari mahali pa ajali. Jioni polisi akaja wodini, kijana mpole, akamwuliza Mama swali moja: aeleze dereva wa pikapu alifanya nini. Mama akageukia ukuta. "Siwezi kumzungumzia huyo," akasema. Polisi akauliza tena, Mama akajibu vilevile. Mimi nilipojaribu kuingilia niliambiwa nitoke nje, zamu yangu itafika. Yule kijana alitoka akiwa ameamini kwamba mama mzee anatishwa na familia ili amfiche mkwe. Wafula akashtakiwa kwamba hakumpa njia mtu aliyekuwa kwenye zebra, na kwa kumjeruhi. Wafula, Mwenye Miguu. Kama angepatikana na hatia angepoteza leseni na kazi, na gerezani angeweza kwenda, na Rosa alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kwanza. Tajiri wake hakumfukuza, ila alimnyang'anya funguo akamweka kubeba saruji mpaka kesi iishe.

Mama alipotoka hospitali hakuwa na wa kumtunza Kanduyi, na kuingia nyumba ya Wafula alikataa katakata. "Afadhali nilale kituo cha mafuta," alisema. Basi Wafula akatafuta akapata chumba kitupu palepale kwenye ploti yetu, ukuta mmoja na sebule yake. Huko ndiko mimi na Mama tuliishi karibu nusu ya mwaka ule. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la makaa, na dirisha lililoangalia kamba za nguo. Lakini kuta za nyumba zile hazikufika juu. Ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, halafu hewa tupu mpaka kwenye mabati. Ukikohoa kwetu, kwa Rosa wanasema pole. Kwa hiyo heshima ilikuwa imetimizwa, hawakuwa chumba kimoja, ila kila walilosema wote wawili walilisikia. Na bado kila neno lilipitia kwangu. Mama akisikia Wafula anakohoa, ananiambia, "Mwambie huyo mwenye nyumba anywe maji ya tangawizi." Mimi nimekaa hapo kitandani nasema kwa sauti, "Shemeji, unywe maji ya tangawizi." Wafula kutoka ng'ambo, "Mwambie asante, nitakunywa." Nami, "Mama, anasema asante." Mama, "Nimesikia." Nikawauliza siku moja kwa nini nisikae kimya wao wazungumze, tuokoe muda. Rosa akanigombeza kutoka ng'ambo kwa kukosa adabu.

Chakula kilikuwa kitamu mwaka ule, hilo sitalikana. Rosa alipika ugali na mboga ya mrenda, au kuku siku akiuza gauni la harusi, na sahani ya Mama ililetwa kwanza kabla ya ya mwenye nyumba. Wafula alimfundisha fundi mmoja wa mbao jinsi ya kutengeneza magongo ya urefu wa Mama, akayaegemeza mlangoni petu alfajiri akaondoka. Lakini Jumapili moja baada ya kula, wakiamini sisi tumelala usingizi wa mchana, nilimsikia Wafula akimwambia Rosa, "Wakili wa bure hakuna. Shahidi ni Nasimiyu peke yake, na watasema ananilinda. Mimi nitafungwa kwa kosa la kusimama." Rosa akasema, "Nimwombe Mama?" Wafula akasema, "Usimwombe. Mahakamani ni chumba kimoja. Utamvua nguo mama yako mbele ya watu." Nilifungua jicho. Mama alikuwa amelala chali, macho wazi, anatazama mabati. Alijua ninamwona.

Nilimkasirikia sana, sitaficha. Wiki nzima nilimpa chai bila kuzungumza. Nilijiambia kwamba heshima gani hii inayomwacha mtu mzuri aende jela, na bado inataka kuitwa heshima. Leo nikiwa na mkwe wangu mwenyewe, kijana wa Nairobi anayenikumbatia mlangoni na kuniita kwa jina, namwelewa Mama zaidi kidogo. Hakuwa anachagua kati ya Wafula na kitu kidogo. Kitu alichoshikilia kilikuwa ndicho kilichomfanya Wafula awe mwana kwake. Akikiachia amwokoe, hakujua angebaki na nani. Alikuja kulizungumza mwenyewe siku moja tukichambua maharagwe, mawe upande huu, maharagwe upande ule. "Unanikasirikia bure," alisema. "Nitaenda. Nilikuwa natafuta tu namna ya kukaa." Nikauliza kukaa namna gani. Akasema, "Utaona."

Mahakama ya Bungoma siku ile ilijaa. Nilitoa ushahidi kwanza, na mwendesha mashtaka akanifanya nionekane mjinga. "Unakaa kwa mshtakiwa?" Nikasema nakaa kwa dada yangu. "Chakula unachokula kinanunuliwa na nani?" Nikasema, "Wewe umeshaona mimi nabeba chakula cha mtu mdomoni nikiongea?" Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akaniambia nijibu swali tu. Nilirudi kukaa nikijua nimeharibu. Rosa alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto analia. Kisha wakaita jina la Mama.

Aliingia na magongo yake, leso imefunika kichwa na nusu ya uso, polepole, mahakama nzima inasikiliza magongo kwenye sakafu. Alipofika mahali pa shahidi hakumtazama mtu. Alimwuliza hakimu kama anaweza kupewa kiti, kwa sababu ya mguu, na kama kiti hicho kinaweza kugeuzwa. Hakimu akauliza kigeuzwe kielekee wapi. Mama akasema, "Kokote, bora mgongo wangu uwe kwa kizimba. Mle kuna mkwe wangu." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Nadhani hakuwa wa kwetu, lakini alitoka mahali penye mama wakwe. Alimwambia karani ageuze kiti, na kwenye kizimba nilimwona Wafula naye akigeuka taratibu, akaangalia ukuta, wakawa wamepeana migongo.

"Gari la mshtakiwa lilikugonga?" hakimu akauliza.

"Hapana. Gari lilisimama, likasimama sana. Mimi niligongwa na pikipiki."

"Kwa nini hukumwambia polisi hivyo?"

"Aliniuliza nimzungumzie mkwe. Mkwe hazungumziwi. Kama angeniuliza habari ya pikipiki ningemwambia yote, hata rangi yake. Ilikuwa nyekundu, na ilikuwa na magunia."

Safari hii hata yule polisi kijana alicheka, kichwa chini. Mwendesha mashtaka akasimama. Alitaka kujua jambo moja, na alilisema kwa upole wa mtu anayedhani ameshinda. Kama ni kweli gari lilisimama, basi Mama alikuwa na haki yote ya kuvuka. Zebra ni ya mtu wa miguu. Mbona aligeuka na kurudi, kama si kwamba gari lilimtisha?

"Hiyo haki nani alinipa?" Mama akauliza.

"Sheria, mama."

"Sheria haina binti aliyeolewa," Mama akasema. "Mimi ninaye. Ningevukaje mbele ya mkwe wangu, mchana, soko lote linatazama? Yeye alinipa njia. Mimi ndiye sikuichukua. Kama ni kosa, niwekeni mimi mle ndani, yeye atoke."

Hakukuwa na kicheko tena. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, akavua miwani, akaivaa. Alisema mambo mengi ya kisheria ambayo sikuyashika yote, kwa sababu nilikuwa nangoja neno moja tu, na lilipofika, kwamba mshtakiwa alitii sheria kama inavyotakiwa na yuko huru, nilibaki nimeketi wakati wengine wote wamesimama. Rosa alilia. Mtoto alinyamaza. Kabla hajaondoka hakimu alimwambia Mama, sasa si kama hakimu, "Siku nyingine, mama, heshimu ukiwa umefika ng'ambo." Mama akasema atajaribu.

Nje, tajiri wa Wafula, aliyekuja na pikapu kusikiliza, alimrudishia funguo za pikapu palepale kwenye ngazi bila maneno mengi, akaenda zake mjini. Rosa alipitia kwa shangazi na mtoto. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, Wafula amesimama mbali kwenye ua, anachezesha funguo, hajui aelekee wapi. Nilifikiri nitamtafutia Mama gari la kumrudisha Kanduyi, maana mguu ulikuwa umepona vya kutosha na alikuwa ameshasema chumba cha Kibomet amekichoka. Mama akaniita. "Nasimiyu, mwambie huyo mwenye gari anipeleke nyumbani."

Nikaenda, nikamwambia. Alinitazama kama nimemtania. "Atakaa nyuma?" akauliza. Nikarudi kwa Mama na swali. Mama akasimama kwenye magongo yake. "Nyuma utakaa wewe," akaniambia.

Kwa hiyo niliondoka Bungoma nimekaa juu ya turubai, magongo miguuni, upepo unanipiga. Dirisha dogo la nyuma ya kiti cha dereva lilikuwa limevunjika kioo zamani, nikawa naona visogo viwili, kimoja na leso, kimoja na kofia, kila kimoja kimeegemea mlango wake kadiri kilivyoweza. Nilikaa karibu na lile tundu, tayari kama kawaida yangu, nikingoja mmoja aseme mwambie.

Pale Kanduyi, wanafunzi walikuwa wametoka shule na wanavuka. Wafula akasimama. Walipita wengi, wakubwa wamewashika wadogo mikono, mmoja akarudi kuokota kiatu, akapita tena. Zebra ikabaki tupu. Gari la nyuma likapiga honi, na la nyuma yake. Wafula hakwenda. Mkono wake ulikuwa juu ya gia bila kuisogeza. Nikafungua mdomo niseme, Shemeji, barabara iko wazi.

Mama aliwahi kabla yangu. Hakugeuka, alikuwa anaangalia mbele.

"Wafula," akasema, "wamemaliza. Twende nyumbani."

Honi ziliendelea. Wafula akajifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Ndiyo, Mama," akasema, akatia gia.